Mfumo umekataa: barua ya wazi kutoka Bagamoyo

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo. Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu. Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari. Na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

YAH: OMBI LA KUELEZWA AKILI MNEMBA, NA KUPEWA MTU WA KUMWULIZA

Waheshimiwa, asalaam aleikum, na kwa ndugu wasio Waislamu, habari za kazi.

Anayewaandikia ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkulima wa muhogo huku Kiromo, na katibu wa kikundi chetu cha kinamama cha kuweka na kukopa. Kwa sababu ya huo ukatibu, simu za watu wengi hupita mikononi mwangu. Mwenye ujumbe asiouelewa huja nao barazani kwangu baada ya Alasiri, nami humsomea na kumfafanulia. Zamani niliweza kufafanua karibu kila kitu: deni la maji, matokeo ya mtihani, wito wa kliniki. Siku hizi zinakuja jumbe ambazo hata ofisi iliyozituma haiwezi kuzifafanua. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Kabla ya masika iliyopita, mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa simu wa shilingi laki mbili, alimie ekari moja na kununua pingili za muhogo. Ni mama ambaye kwa miaka tisa ya kikundi hajakosa kuleta hisa hata wiki moja. Akifiwa, hisa yake huja na mtoto. Jibu la simu lilifika kabla hajaketi vizuri: ombi lako halijakubaliwa. Akajaribu kesho yake, jibu lile lile. Tukapiga huduma kwa wateja. Binti aliyepokea alikuwa na adabu zake, alitusikiliza hadi mwisho, akabofyabofya, kisha akasema, "Mama, mfumo umekataa."

Nikamwuliza umekataa kwa nini.

"Sisi huku sababu hatuioni, mama. Mfumo ndio unaoamua."

Nikamwuliza anayeiona ni nani. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema atalifikisha suala letu kwa wahusika.

Tulikwenda ofisini kwao mara tatu, kila safari kwa nauli yetu. Mara ya tatu, mwezi wa tatu tangu aombe ukielekea kuisha, kijana mmoja akatuonea imani. Akafungua kompyuta yake, akauliza swali moja tu: "Mama, laini hii imesajiliwa kwa jina lako?" Haikuwa. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole namba yake ya NIDA ilikuwa haijatoka, ikabidi laini isajiliwe kwa kitambulisho cha mwanawe. Mwana akahamia Dar es Salaam, akakopa kwa laini yake nyingine, hakurejesha. Kumbe aliyefungiwa mlango ni mwana, na aliyekuwa akigonga ni mama.

Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Ekari ile ikabaki pori.

Sisemi mashine ilikosea hesabu. Programu za namna hii hupima mambo kama vocha unazonunua, pesa inayoingia na kutoka, na ulivyorejesha madeni ya nyuma. Kwa kile ilichokuwa inakiona, ilifanya kazi yake. Haikuweza kuona miaka tisa ya hisa, kwa kuwa hizo ziko kwenye daftari langu, na daftari langu halina intaneti. Lakini jambo la dakika mbili lilituchukua miezi mitatu, kwa sababu katika nyumba nzima ya biashara hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuuliza swali lile moja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, na sisi tulioona majirani wakidhalilishwa kwa meseji zilizotumwa hadi kwa wakwe zao tulishukuru kweli. Suala ninalolileta mimi linabaki hata kwa mwenye leseni.

Nawaomba mnivumilie nieleze mashine hizi, ambazo ndizo akili mnemba yenyewe, zinavyojifunza. Nimeona hofu nyingi na majigambo mengi, na vyote viwili vinatokana na watu kutoelezwa. Kitu chenyewe si kigeni kama tunavyodhani. Wataalamu wa Marekani, John McCarthy na wenzake, ndio waliokibatiza jina la Kiingereza, "artificial intelligence", mwaka 1955, wakiomba fedha ili watu kumi wakae chuo cha Dartmouth miezi miwili ya kiangazi cha 1956 walifanyie kazi jambo hilo. Hiyo ni miaka mitano kabla ya Uhuru wetu. Kwa Kiswahili wapo wanaosema akili bandia, wapo wanaosema akili unde. Nafuata akili mnemba kwa kuwa ndilo neno linalosikika katika taarifa ya habari. Watu wengi walianza kuisikia baada ya ChatGPT, programu ya kuzungumza nayo kwa maandishi, kufunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, lakini mfano ninaoutumia mimi barazani ni wa hapa hapa Bagamoyo, nao ni jani la muhogo.

Nje kidogo ya mji wetu kuna mashamba ya majaribio ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto. Watafiti walizunguka humo kwa wiki nne na kamera ya kawaida ya mkononi, wakapiga picha 11,670 za majani ya muhogo. Wataalamu wa muhogo wakakaa na picha hizo, wakaziainisha kwa magonjwa na wadudu: hili lina batobato, hili lina michirizi kahawia, hili lina madoa, hili limeharibiwa na utitiri mwekundu, hili utitiri wa kijani, hili zima. Kisha kompyuta ikafundishwa kwa picha zilizochujwa kutoka humo.

Ikafundishwaje? Kwa kompyuta, picha ni nukta tele, na kila nukta ni namba: wekundu kiasi gani, ukijani kiasi gani, ubuluu kiasi gani. Haioni jani. Inaona mlima wa namba. Inaonyeshwa picha, inabahatisha: batobato. Jibu la mtaalamu linasema hapana, ni michirizi. Basi ndani yake vijipimo vingi sana vinasogezwa kidogo, ili safari nyingine ikaribie zaidi. Picha ya pili, ya tatu, ya elfu, kisha zinarudiwa tena tangu mwanzo. Na kompyuta ile haikuanza mtupu, ilikuwa imekwisha kupitishwa kwenye picha zaidi ya milioni moja za vitu vya kila aina kabla ya kuletewa muhogo wetu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: katika majani ambayo haikuwahi kuonyeshwa, ilipatia 93 kwa kila 100.

Kutokana na kazi hiyo ikapatikana programu ya simu iitwayo Nuru, ya PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA. Inazungumza Kiswahili, na shambani haidai bando. Ninayo kwenye simu yangu. Nawaambia kwa dhati, siku ya kwanza niliposhika simu juu ya jani la shamba langu ikaniambia batobato, nilisisimka. Miaka yote niliyofundisha sayansi kwa chaki, sikuwahi kuota kwamba majani ya Bagamoyo yangefundisha kompyuta.

Ila watafiti hao hao, kwa uaminifu wao, waliipima tena ikiwa kwenye simu, shambani, juani, majani yakitikiswa na upepo. Mwaka 2019 wakaandika kwamba uwezo wake ulikuwa umepungua: majani yaliyokuwa na ugonjwa yalipita bila kutambuliwa. Mkulima yeyote wa hapa angewaambia sababu nyingine ya kuhofia. Michirizi kahawia ni ugonjwa msiri. Uliandikwa kwa mara ya kwanza na wataalamu mwaka 1936 kule Amani, milimani Usambara, na tangu wakati huo tabia yake haijabadilika: shina linaweza kusimama na majani yasiyotisha, ukaling'oa siku ya mavuno, ukaupasua muhogo, ukakuta umeoza kahawia ndani kwa ndani. Simu inasoma jani. Chini ya udongo haifiki. Kwa hiyo tunaitumia Nuru, tunaipenda, na bado tunamhitaji bibi shamba aje na jembe.

Katika jani hilo moja nimeweza kuwaeleza wenzangu mambo ambayo makongamano hayakuwaeleza. Mashine inajua ulichoionyesha. Ikipelekwa mahali tofauti na ilipofundishiwa, inapungukiwa. Na majina yale, batobato na michirizi, hayakutoka kwenye mashine. Yalitoka kwa watu walioinamia picha moja moja. Kazi hiyo ya kuainisha ina watu wake pia kwenye programu kubwa za mazungumzo. Mwanzoni mwa 2023 ilifichuliwa kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wakisoma maandishi ya kutisha, ya ukatili na unyama, ili ChatGPT ifundishwe kuyakwepa, na walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Jirani zetu hao. Ninapowasikia watu wakisema mashine imejifunza yenyewe, nawakumbuka.

Sasa turudi kwa mama yetu. Mashine inayopima wakopaji nayo hufundishwa namna hiyo hiyo. Badala ya majani, inaonyeshwa watu: huyu alirejesha, huyu hakurejesha, huyu alinunua vocha ya mia tano kila siku, huyu ya elfu kumi kwa mwezi. Majani yetu yaliainishwa na wataalamu wa muhogo, wakaandika walivyofanya, wakachapisha na makosa yao tukayasoma. Sisi wenyewe tumeainishwa na nani? Kwa kipimo gani? Makosa ya kipimo hicho yamechapishwa wapi? Jani la muhogo limetendewa haki kuliko mama mwenye hisa za miaka tisa.

Nataka kusema kuhusu lugha pia, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na moyo wangu uko hapo.

Programu hizi za kuzungumza nazo ninazieleza hivi. Nikisema "haraka haraka haina", wote mlioketi mtamalizia "baraka". Hamkufikiri. Mmelisikia mara nyingi mno, likaja lenyewe. Mashine nayo imepitishwa kwenye maandishi mengi kupita kiasi, na kazi yake ni hiyo moja, kukisia kipande cha neno kinachofuata, na kinachofuata, na kinachofuata. Inashangaza kwamba kwa ukisiaji huo inaweza kutunga barua, kutafsiri, kufundisha hesabu, na mimi siidharau. Lakini mwanafunzi asiyejua husema "sijui, mwalimu", au huinamisha kichwa. Mashine hii mara nyingi humalizia tu, kwa sauti ile ile ya uhakika, na kipande kilichokuja kikawa si kweli.

Mjukuu wangu alirudi na kazi ya shule kuhusu magofu ya Kaole, ameiuliza simu, ameandika vizuri, mwandiko safi: msikiti wa Kaole ulijengwa na Wareno. Nilimshika mkono Jumamosi tukaenda. Nikamwonyesha kibla. Nikamwambia msikiti huu unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na Mreno wa kwanza alipita pwani hii mwaka 1498. Alisimama pale muda mrefu anatazama makaburi. Nilichokiona ni kwamba hakuudhika kwa kukosea. Aliudhika kwamba simu haikumwambia kuwa inakisia.

Halafu kuna hizi barua. Vijana huniletea maombi ya kazi niwapitishie jicho. Mwaka mzima huu naona barua zinazoanza "Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mwenye afya njema" na kumalizia "Natarajia kusikia kutoka kwako hivi karibuni". Maneno ni ya Kiswahili, lakini hakuna mtoto wa Dunda wala wa Magomeni anayezungumza hivyo. Ni Kiingereza kimevaa kanzu. Mashine imelishwa Kiingereza magunia na Kiswahili kibaba, basi hata ikisema Kiswahili, inafikiri kule. Na kibaba chenyewe kinatutoza zaidi: mashine hukata maneno vipande vipande, na maneno yetu marefu, mfano "nitakapowaelezeni", hukatika vipande vingi kuliko ya Kiingereza, wakati anayeunganisha huduma yake na mashine hizo hulipishwa kwa idadi ya vipande. Kiswahili kinazungumzwa na watu zaidi ya milioni 200, UNESCO imekipa siku yake, tarehe 7 Julai. Kinastahili kupikwa kwenye chungu chake. Hapa Bagamoyo tuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, tuna wazee wa Kizaramo, Kikwere na Kidoe wenye misemo, nyimbo za jando na hadithi ambazo hazijaandikwa popote. Zikirekodiwa kwa idhini yao, kwa majina yao, na wakijua zinakwenda kufanya nini, mashine zitatujua vizuri zaidi. Wakija watu kuzirekodi kimya kimya, tutakuwa tumeporwa.

Kuna faida ninazoziona waziwazi na sipendi mtu asome barua hii akadhani ninapinga. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kompyuta isome picha za eksrei ya kifua katika kuchunguza kifua kikuu kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Pale ambapo daktari bingwa wa picha yuko mbali, hilo ni jambo la kumwokoa mtu. Lije. Na anayesomewa eksrei yake aambiwe kwamba kompyuta ndiyo iliyoitazama, na nani ataitazama baada yake.

Lililo la haraka kuliko yote, naomba hili lishughulikiwe hata kabla ya mengine, ni sauti. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tulishawazoea. Hata bibi asiyejua kusoma anawacheka. Lakini Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha kwamba sekunde tatu za sauti ya mtu zinatosha kutengeneza sauti yake ikisema maneno ambayo hakuyasema. Fikirini kundi moja la WhatsApp la harusi: sauti zetu zote zimo, tukichangia, tukicheka, tukimwita mtu kwa jina lake la utani. Siku mama atakapopigiwa simu usiku na sauti ya mwanawe inalia, "Mama, nimepata ajali, tuma laki tatu", atakumbuka kukagua namba? Kikundini kwetu tumekubaliana kila familia iwe na swali lake la siri, jambo la nyumbani ambalo halijawahi kuandikwa kwenye simu. Wangu wananiuliza jina la mbuzi wa kwanza niliyefuga. Hiyo ni kinga tuliyojitungia wenyewe chini ya mwembe, bila mtaalamu. Sikusudii kulaumu, nasema tu kwamba tulikuwa peke yetu.

Waheshimiwa, sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ndani yake mna haki ambayo nilipoisoma nililia kwa yule mama: mtu anaweza kuandika na kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Haki hiyo ipo tangu kabla ya ombi lake la mkopo. Yeye hakuijua, mimi katibu sikuijua, binti wa huduma kwa wateja hakuijua, na yule kijana mwenye huruma alitusaidia kwa huruma, haki hakuitaja. Nchi za Ulaya zimepitisha sheria ya akili mnemba mwaka 2024, Umoja wa Afrika ukaidhinisha mkakati wa bara zima Julai mwaka huo huo, na hayo yote ni mema. Mimi nasimama kwenye hii tuliyo nayo mkononi, ambayo haijafika Kiromo.

Kwa Tume, basi, ombi langu ni hili. Kila anayetumia mashine kumkubalia au kumkatalia Mtanzania mkopo, bima, ajira au huduma, alazimishwe kuweka mtu. Mtu mwenye jina na namba ya simu, mwenye uwezo wa kufungua faili, kusema sababu kwa Kiswahili, na kubadili uamuzi ikibidi. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ili mshitakiwa aelewe kinachomtia hatiani. Mahakama yenyewe imekubali kumweleza mtu kwa lugha yake. Kampuni ya mikopo itashindwaje? Na jibu la "mfumo umekataa", likitolewa peke yake, lihesabiwe kuwa si jibu.

Kwa Mheshimiwa Waziri: wekeni maelezo ya haki hizo mahali zinapopita simu zetu. Wakala wa pesa ana ukuta wenye bango la makato. Bango la pili litapata nafasi. Redio za jamii zina vipindi vya jioni ambavyo watu husikiliza wakiwa wanamenya muhogo. Kuhusu sauti za kughushi, msisubiri semina.

Na kwenu wa wilaya yetu, ninaowajua kwa sura. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Nusu saa ya mkutano mmoja inatosha kuanza, akija mtu anayejua na asiyeona haya kusema Kiswahili cha kawaida. Msituletee maneno ya "mapinduzi ya kidijitali". Tuleteeni jani na simu. Maafisa ugani wapewe Nuru na wafundishwe mipaka yake, na isije ikasemwa siku moja kwamba kwa kuwa simu inatambua batobato, kata haina haja ya bibi shamba. Walimu wasaidiwe kuwafundisha watoto kuuliza, kama mjukuu wangu alivyojifunza kwa miguu yake Kaole. Adhabu ya kuwanyang'anya simu haitawafundisha hilo.

Kikundi chetu hukutana kila Alhamisi saa kumi jioni. Njooni, viti tutaazima msikitini na kanisani. Yule mama atakuwepo na daftari la hisa zake. Shamba langu liko nyuma tu ya hapo tunapokaa. Nitawapa simu, mtachagua wenyewe shina lolote, mtaielekeza kwenye jani, mtasikia inasema nini. Kisha tutaling'oa, tutalipasua, tutazame ndani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na katibu wa kikundi,
Kiromo, Bagamoyo.